Uzi: Randa ya umeme na mashine ya msasa katika karakana zetu, namna ya kuzitumia na kuzitunza bila ya kupoteza vidole

#1 – Seremala wa Jang'ombe (mleta uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu mafundi wa Unguja na Pemba.

Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya kidole, nacho si changu. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi alimaliza kupiga randa ubao wa mninga kwenye randa ya meza, ile ya umeme ambayo visu vyake vinazunguka baina ya meza mbili na ubao husukumwa juu yake kwa mkono, akazima swichi, akasikia mota imenyamaza, kisha akapitisha mkono kuyafagia maranda yaliyobaki juu ya meza. Kichwa cha visu, yaani kile chuma kinachobeba visu, kilikuwa bado kinazunguka kwa kasi iliyosalia. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikwenda, na tulipotafuta kipande cha kupeleka hospitali hatukukipata, kwa sababu randa haikati nyama kama kisu cha jikoni bali huisaga ikachanganyika na maranda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizirejea kichwani ajali zote za mashine nilizozishuhudia, na jambo linalonishangaza ni kwamba nyingi hazikutokea wakati ubao unapita juu ya visu. Zilitokea kabla yake au baada yake: wakati wa kufagia, wakati wa kubadilisha kisu, wakati umeme umekatika na watu wamekaa barazani, au katika kile kipande kidogo cha mwisho ambacho fundi anakiona hakihitaji matayarisho. Mashine inapopiga kelele sote tunaiogopa. Inaponyamaza tunaichukulia kuwa imelala.

Tuiangalie kasi yenyewe. Kichwa cha visu cha randa ya meza huzunguka kiasi cha mara 4,000 hadi 6,000 kwa dakika. Tukichukua 5,000, na kichwa kikiwa na visu 3, hiyo ni mikato 15,000 kwa dakika, yaani 250 kwa kila sekunde. Mkono wa binadamu huhitaji kiasi cha robo sekunde kuitikia maumivu, na katika robo sekunde hiyo visu vimeshapita zaidi ya mara 60. Kwa hivyo anayesema "mimi nina mkono mwepesi" hajapiga hesabu.

Katika karakana yangu sasa hakuna mkono unaopita juu ya meza mpaka kichwa cha visu kisimame kabisa, na hata kikisimama tunatumia brashi ya mti. Kabla ya kugusa kisu, rola au beliti, plagi hutolewa kwenye soketi na kuwekwa mahali ambapo anayefanya kazi anaiona kwa macho yake. Nasema plagi kwa makusudi, kwani nimeingia katika karakana ambazo nyaya zimechomekwa ndani ya soketi kwa njiti za kiberiti, na hapo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama mashine imekatwa umeme au haikukatwa.

Kuhusu kukatika kwa umeme sisi tuna historia yetu. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na mpaka leo hakuna fundi asiyejua umeme kwenda na kurudi bila ya hodi. Umeme ukikatika ubao ukiwa katikati ya meza, fundi huutoa, hukaa, huzungumza, na swichi inabaki palepale ilipokuwa. Umeme ukirudi mashine huanza yenyewe, na yeyote aliyeegemea meza ndiye anayelipa. Dawa ni swichi ya sumaku: ndani yake mna koili (waya uliosokotwa unaogeuka sumaku) inayoshika mguso wa kupitisha umeme wakati umeme upo, umeme ukikatika mguso huachia, na hauwezi kushika tena mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono wake. Kila randa na kila mashine ya msasa iliyosimama chini inapaswa kuwa nayo.

Karibuni tuchangie, hasa wenye uzoefu wa mashine za msasa, kwani mimi huko si bingwa.

#2 – Fundi wa Wete

Wa alaykum salaam, fundi. Nimeguswa, kwa kuwa randa yangu ni ya kuunganishwa hapahapa Pemba kwa vyuma na mota kuukuu, na kichwa chake cha visu ni cha mraba. Nimesikia watu wakisema kichwa cha mraba ni kibaya kuliko cha mviringo, lakini hakuna aliyenieleza sababu. Mbao zinatoka safi tu.

#3 – Seremala wa Jang'ombe

Fundi wangu, usafi wa mbao hauna uhusiano na jambo hilo. Kichwa cha mviringo kimejaa, na kisu kinachomoza juu yake kiasi cha milimita 1 tu, kwa hivyo kidole kikiteleza kinagonga duara na kukatwa juujuu. Kichwa cha mraba kina nafasi kubwa baina ya pembe moja na nyengine, na kila upande bapa unapopita kidole kinaingia ndani zaidi kabla ya pembe inayofuata kukifikia. Ajali ileile ambayo kwenye duara ingekuondolea ngozi, kwenye mraba inakuondolea viungo viwili. Nafasi baina ya midomo ya meza mbili nayo huwa pana zaidi, kwani pembe zinahitaji mahali pa kupita. Kama kuna mchonga vyuma hodari huko Wete au Chake, msimwachie kazi ya kukisia: kichwa cha visu lazima kichongwe kwenye mashine ya kukerezea chuma na kipimwe mizani, la sivyo mtetemo wake utaumaliza mhimili.

#4 – Mkongwe wa Mwembetanga

Nawaheshimu nyote, lakini marehemu baba yangu alipiga randa miaka mingi bila ya kinga juu ya visu, akafa na vidole vyake kumi. Kinga inachelewesha kazi na inamzuia fundi kuona kisu. Bora mngewashauri vijana wavae glavu nzito, hiyo ndiyo kinga ya mkono.

#5 – Seremala wa Jang'ombe

Mzee wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu baba. Naomba nitofautiane nawe kwa adabu, na katika suala la glavu naomba nitofautiane kwa nguvu zote.

Glavu mbele ya kichwa kinachozunguka si kinga bali ni kamba. Kisu kikigusa ngozi tupu hukata palipogusa, lakini kikikamata uzi wa glavu huuvuta, na uzi huvuta glavu yote na mkono uliomo ndani. Ndivyo ilivyo kwa mkono wa kanzu, kwa ncha ya shali na kwa saa ya mkanda wa chuma. Nina jamaa aliyerudi kutoka sala ya Ijumaa na kanzu yake, akataka kupitisha ubao mmoja tu kabla ya kubadilisha nguo. Alhamdulillahi iliyoliwa ni kanzu, lakini alikuwa amevutwa hadi kifua kikagonga meza.

Ama kinga ya daraja, ile inayolala juu ya visu na kupandishwa kwa unene wa ubao, fundi hahitaji kukiona kisu. Anachohitaji kukiona ni ubao, na mikono yake ipite juu ya kinga badala ya kupita juu ya visu. Mikono haisukumi ubao ikiwa imesimama nyuma ya ncha yake, kwa sababu ubao ukiruka kwenye fundo la mti, mikono husonga mbele yenyewe mahali ambapo ubao ulikuwapo sasa hivi. Kwa kumalizia hutumika kibao cha kusukumia chenye kisigino. Ubao mfupi kuliko sentimita 30 haupiti kwenye randa ya meza. Ukihitaji vipande vifupi, piga randa ubao mrefu kwanza ndipo ukate.

Nikumbushe pia mwelekeo wa nyuzi. Ubao ukiwekwa nyuzi zake zikipanda kuelekea kwenye kisu, kisu huzing'oa badala ya kuzikata, na hapo ndipo ubao unapotemwa nyuma. Milimita 1 hadi 2 kwa mpito mmoja inatosha, na kwa mbao ngumu kama mvule au msaji mimi huenda chini ya 1. Anayetaka kuondoa milimita 5 kwa mara moja anaiomba mota, visu na vidole vyake vikubali jambo ambalo havikutengenezewa.

#6 – Kijana wa Fuoni

Na ile mashine ya kusawazisha unene, ambayo ubao unavutwa na rola wenyewe? Naona ile ni salama, kwa kuwa visu viko juu na vimefunikwa.

#7 – Seremala wa Jang'ombe

Mkono hauwi karibu na visu, hilo ni kweli. Hatari yake ni ubao kurushwa nyuma, kwa hivyo usisimame nyuma ya ubao bali pembeni, na usiiname kuchungulia mdomoni mwa mashine ubao ukiwa ndani. Meno ya kuzuia ubao usirudi, yale yanayoning'inia mbele ya rola ya kuingizia, lazima yaanguke huru yenyewe. Mara nyingi utayakuta yameganda kwa utomvu. Ubao mfupi kuliko nafasi iliyopo baina ya rola mbili usiingizwe, kwani rola ya kwanza itauachia kabla ya pili kuushika, na utabaki unacheza chini ya visu. Ukikwama, zima, ngoja, toa plagi, teremsha meza. Kuusukuma kwa ubao mwengine ni mchezo wa watoto.

#8 – Mjenzi wa Vyombo, Nungwi

Sisi wa pwani tunatumia zaidi randa ya umeme ya mkononi, kwa kuwa mbao ya chombo haipelekwi kwenye mashine, mashine ndiyo inayopelekwa kwenye chombo. Ajali niliyoiona mara nyingi ni fundi kumaliza kupiga, akaiweka chini kwa haraka visu vikiwa bado vinazunguka. Randa ikishika mchanga au kipande cha kamba hukimbia yenyewe kama kaa, na mara moja niliiona ikipanda juu ya mguu wa mtu aliyechutama. Ilazwe ubavu, au iwekwe juu ya kigango kinachoinua pua yake, baada ya kusimama.

Waya wa kuvutia umeme nao usilale kwenye mchanga wenye maji ya chumvi. Kila jioni tunaupangusa na kuukagua kwa vidole urefu wake wote, kwani mchubuko mdogo wa mpira ukiwa umesimama juu ya maji ya bahari si jambo la mzaha.

Nina suala langu pia. Siku hizi mbao za majahazi makuukuu zinanunuliwa na mafundi wa fanicha, na wengi wanazipeleka moja kwa moja kwenye randa. Mbao hizi zimejaa misumari iliyooza kichwa, ambayo jicho haliioni kabisa. Mnafanyaje?

#9 – Mchonga Milango, Mji Mkongwe

Nimeng'oa misumari ya majahazi tangu nikiwa mwanafunzi, kwa hivyo niruhusuni nijibu.

Kwanza brashi ya waya, ili mchanga na chumvi vitoke, kwani chembe ya mchanga huyaharibu makali ya kisu kabla hata msumari haujafikiwa. Pili, angalia madoa meusi: chuma kinapooza ndani ya mti hutia weusi unaofuata nyuzi, na kila doa jeusi lichukulie kuwa ni msumari mpaka uthibitishe vyenginevyo. Tatu, sumaku yenye nguvu iliyofungwa kwa uzi, ipitishwe taratibu juu ya ubao. Ikisita, chimba kwa patasi. Hata baada ya hayo yote, mimi sipitishi uso wa kwanza kwenye mashine. Uso wa kwanza naupiga kwa randa ya mkono, kwa kuwa kisu cha randa ya mkono kikigonga msumari nakinoa kwa nusu saa, lakini kisu cha mashine kikigonga msumari kinaweza kumeguka na kipande kikaruka kwa kasi ambayo miwani ya kawaida haizuii.

Mbao hizi zina mambo mawili zaidi. Zimenyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, kwa miaka mingi, na mafuta hayo huuziba mkanda wa msasa kwa dakika chache, kisha mkanda uliozibwa huacha kukata na kuanza kuchoma. Halafu kuna rangi. Rangi kuukuu za vyombo huweza kuwa na risasi, na zile za chini ya maji zinazozuia chaza huwa na shaba na sumu nyengine, kwa hivyo usizipige msasa zikiwa kavu ndani ya nyumba yenye watoto. Zikwangue kwanza, ukusanye magamba, na ufanye hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni mwako.

#10 – Mchonga Milango, Mji Mkongwe

Naendelea na mashine ya msasa yenyewe, kwa kuwa mleta uzi amesema si bingwa wake.

Watu wanaidharau kwa sababu haina kisu, lakini sahani ya msasa huondoa ngozi na kucha upesi kuliko mtu anavyoweza kupiga kelele. Kwenye sahani inayozunguka tumia upande ule tu unaoteremka kuelekea mezani, kwani upande unaopanda huinua kipande na kukirusha usoni. Nafasi baina ya meza na sahani isizidi milimita 2 au 3, ili kipande chembamba au kidole kisivutwe chini. Mkanda wa msasa una mshale nyuma yake unaoonesha mwendo. Ukivishwa kinyume, kiungo chake huinuka na kukatika. Baada ya kuuvisha, uzungushe kwanza kwa mkono ili uone kama unakaa katikati ya rola, kisha washa na kuzima mara moja kabla ya kuuachia ukimbie.

Namba za msasa nazo (ndogo ni ya chembe kubwa, kubwa ni ya chembe laini) zisirukwe. Anza na 60 au 80, nenda 120, kisha 180. Anayetoka 60 kwenda 180 huishia kugandamiza mashine kwa nguvu ili kufuta mikwaruzo, na kugandamiza ndiko kunakochoma mbao, kuchosha mota na kumtelezesha mtu. Mkanda ulioziba unasafishwa kwa kipande cha soli ya mpira mbichi: washa mashine, uguse kwa soli, vumbi lote linatoka. Wakati wa masika mikanda hunyonya unyevu na kujikunja, basi ining'inizwe ndani, mbali na ukuta wa mawe.

Sasa vumbi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, kwa sababu ya saratani ya tundu za pua. Vumbi la mvule huweza kuleta pumu, na la msaji huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Kitambaa cha kanga usoni huzuia maranda, hakizuii lile vumbi laini la namba 180 ambalo ndilo linaloingia ndani kabisa. Ivaliwe barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya chembe ndogo, na mfuko wa mashine umwagwe kabla ya kujaa.

Usitumie mashine hiyohiyo kupiga msasa chuma asubuhi na mbao jioni, kwani cheche ikiangukia ndani ya mfuko wa vumbi hufukuta kimya, na moto huonekana usiku watu wamelala. Vitambaa vilivyopakia mafuta ya kitani navyo vitandazwe nje vikauke; vikirundikwa hupata joto vyenyewe mpaka vikawaka. Hili linakuhusu wewe pia, mleta uzi, maana katika orodha yako ya mashine zinazodhaniwa zimelala hukuutaja mfuko wa vumbi.

#11 – Seremala wa Jang'ombe

Nimekubali, na leo hii nimeumwaga.

Nimalizie upande wa visu, kwa kuwa nimeulizwa faraghani. Visu vya kichwa kimoja vinolewe pamoja na vipimwe uzito kwenye mizani ndogo; kimoja kikipungua, kichwa hutetemeka na beringi huanza kulia. Kwenye jiwe la umeme usikiache kisu kikapata rangi ya buluu, kwani ukali wake utaondoka. Wakati wa kukirudisha, meza ya kutolea, ile ubao unakotokea baada ya kupita visu, iwe sawasawa na ncha ya juu kabisa ya kisu. Mimi hulaza rula ya mti juu ya meza hiyo, nikazungusha kichwa kwa mkono kwa kushika beliti: kisu kinapaswa kuigusa rula na kuisogeza milimita chache tu, na kila kisu kiisogeze sawa na wenzake, upande wa kulia na wa kushoto. Bolti hukazwa kidogokidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha zote hurudiwa mara ya pili. Kazi hii haifanywi alasiri ya Ramadhani. Mtu mwenye saumu na usingizi husahau bolti moja, na bolti moja inatosha kukirusha kisu nje.

Utomvu husafishwa kwa mafuta ya taa, plagi ikiwa nje. Meza za chuma huliwa na hewa ya bahari, basi zipanguswe kila jioni na kusuguliwa kwa mshumaa, ambao pia huufanya ubao uteleze bila ya kusukumwa kwa nguvu. Mafuta machafu ya injini yasitumike, kwani hutia madoa kwenye mbao na varnishi haitashika.

#12 – Kijana wa Fuoni

Kuna mtu anauza randa iliyotumika, imetoka Marekani, imeandikwa volti 110. Anasema transifoma inamaliza kila kitu.

#13 – Fundi Umeme

Haimalizi. Transifoma hupunguza volti kutoka 230 za kwetu hadi 110, lakini haibadilishi mizunguko ya umeme, ambayo kwao ni 60 kwa sekunde na kwetu ni 50. Mota iliyotengenezwa kwa 60 itakwenda polepole kwa kiasi cha sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi. Uliza kwanza kama kibati chake kimeandikwa 50/60.

Na kwa wenye mota za fezi tatu: fundi akigusa nyaya za ukutani, kabla ya kuweka ubao bonyeza mara moja na uangalie kichwa kinazunguka upande gani, kwa sababu nyaya mbili zikibadilishana nafasi mota hurudi kinyume. Waya wa ardhini usikatwe kwa kisingizio kuwa plagi ina miguu miwili.

#14 – Fundi wa Wete

Narudi kutoa taarifa. Kichwa cha mraba nimekitoa, na nimeagiza cha mviringo kwa mchonga vyuma, hakijawa tayari, kwa hivyo randa ya meza kwangu imesimama na wateja wananinung'unikia. Swichi ya sumaku nimeshafunga kwenye mashine ya msasa. Jana umeme ulikatika karibu na magharibi, nikafunga mlango nikaenda kusali, na niliporudi baada ya isha taa zilikuwa zinawaka na mwanangu mdogo alikuwa ameegemea ile mashine akinisubiri. Ilikuwa kimya.